Mkalimani wa Shangazi

Katika mahakama ya wilaya, chumba cha tatu ukitoka masijala, alikuwapo mpiga chapa aliyeogopwa kuliko hakimu. Hakimu aliweza kukufunga. Yeye aliweza kukurudisha nyumbani ukaandike upya. Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho cha kazi, lakini hapakuwa na mtu aliyelitumia. Kuanzia mawakili hadi wafagizi, wote walimwita Mama Mkato.

Jina hilo alilipata katika mwaka wake wa kwanza hapo mahakamani. Siku hiyo hakimu alikuwa akisoma kwa sauti maelezo ya shahidi, akafika pale palipoandikwa "nilikuwa nakula mama mkwe akaingia na fimbo," akavuta pumzi pasipo pake, baada tu ya "mama mkwe". Watu walicheka mpaka mshtakiwa mwenyewe akasahau kesi yake, naye akacheka. Mpiga chapa hakucheka. Alisimama, akaomba ruhusa, akaichukua karatasi, akaweka mkato mmoja kwa kalamu baada ya "nakula", akairudisha mezani.

"Sasa, mheshimiwa," alisema, "mama mkwe amepona."

Kuzaliwa hakuzaliwa mjini. Alitoka kwa watu wa vilimani, warina asali wasiozidi mia nane, walioishi katika msitu unaoonekana vizuri ukipanda kwenye tangi la maji la wilaya. Walikuwa na lugha yao, ambayo majirani waliiita lugha ya nyuki kwa sababu ilivuma sana puani. Baba yake alikuwa mtu wa kwanza huko kuvaa viatu vya kamba, na kwa kuwa amevaa viatu, ilibidi apate mahali pa kwenda. Akaenda kumwandikisha binti yake shule. Binti akasoma, akajifunza kupiga chapa, akaajiriwa ofisi ya wilaya, akaolewa na fundi saa mpole mwenye kibanda mkabala na posta, na baadaye akahamishiwa mahakamani. Lugha ya nyuki hakuisahau, ila aliiweka mahali unapoweka vyombo vya wageni.

Miaka kumi na tisa kabla ya habari hii, Serikali iliutangaza msitu ule kuwa hifadhi. Watu wa vilimani wakateremshwa hadi kando ya barabara kuu, wakapewa nyumba za bati zilizopangwa mstari kama wanafunzi kwenye gwaride. Miongoni mwao alikuwa shangazi yake Mama Mkato, dada mkubwa wa baba, mwanamke mfupi, mkavu, asiyejua kunong'ona. Shangazi alizichukia nyumba zile tangu mvua ya kwanza. "Paa gani hili linabishana na wewe usiku kucha?" alikuwa akisema. Mama Mkato alimtembelea kila likizo, akampelekea sabuni na shuka, na kila alipofika wakazungumza juu ya paa. Msitu hawakuuzungumzia.

Asubuhi moja akaingia ofisini mwanamke kijana mwenye mkoba uliojaa kupita kiasi. Alitembea upesi, akasema upesi, na alipokaa kitini ulihisi kiti kimepewa muda maalumu. Wenzake walimwita Wakili Mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni hati ya kiapo, foleni inaanzia pale mlangoni."

"Sina hati. Nimekuja kukutafuta wewe. Kesi ya watu wa kwenu imefika mahakama ya haki za binadamu, ile ya nchi nyingi. Majaji tisa, kila mmoja na nchi yake. Tunahitaji mkalimani wa shahidi wa kwanza."

"Shahidi mwenyewe nani?"

"Shangazi yako."

Mama Mkato akavua miwani. "Shangazi anajua Kiswahili."

"Anasema Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Hawezi kudai msitu kwa lugha ya chumvi."

Hapo Mama Mkato alitaka kucheka, akajizuia. Akauliza kesi yenyewe imesimama wapi. Wakili Mbio akatoa kijitabu, akaeleza, safari hii polepole kidogo. Mataifa yalikwisha kukubaliana, alisema, kwamba watu wa asili hawawezi kuondolewa katika ardhi zao kwa nguvu. Wakihamishwa, lazima kwanza waridhie wenyewe: kwa hiari, mapema kabla ya jambo kufanyika, na baada ya kuelezwa kila kitu. Serikali inadai watu wa vilimani waliridhia. Wenyewe wanasema hawakuulizwa kamwe.

Mama Mkato alichukua likizo yake iliyokuwa imelimbikizwa, akaanza mazoezi nyumbani. Maneno mengine yaliingia kwenye lugha ya nyuki bila taabu. "Haki" ilipatikana, "mpaka" ukapatikana, "mahakama" ikawa "nyumba ya kusikilizwa". "Ridhaa" ndiyo iliyomtoa jasho kwa wiki nzima. Katika lugha yao hapakuwa na jina la kitu hicho. Kulikuwa na kitendo tu: mtu akiletewa jambo zito, huondoka nalo, hulala nalo, kisha hurudi kusema.

"Nimepata," alimwambia mumewe wakinywa chai. "Ridhaa ni kulala na neno."

Fundi saa akainua jicho lililokuwa na kioo cha kukuzia. "Ukilala na neno, mke wangu, mimi nitalala wapi?"

Basi wakasafiri, yeye na shangazi na Wakili Mbio, wakafikia katika nyumba ya wageni iliyokuwa jirani na mahakama. Shangazi alikataa lifti. Alisema chumba kinachoondoka na watu kabla hawajaaga si chumba cha kuingia. Wakapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, yeye akiwa mbele, wakili nyuma akihema.

Siku moja kabla ya kusikilizwa, Mama Mkato aliletewa jalada la vielelezo alisome mapema asije akajikwaa mbele ya majaji. Alilifungua kwenye meza ya kifungua kinywa, kati ya mkate na birika. Kielelezo cha kumi na nne kilikuwa muhtasari wa mkutano wa Serikali na watu wa vilimani, wa miaka kumi na tisa iliyopita. Ukurasa mmoja. "Wananchi wameelezwa, wamekubali kwa kauli moja." Chini yake alama za dole gumba arobaini na mbili. Na pale kabisa chini, pembeni, kwa herufi ndogo, vifupisho vya jina la aliyechapa.

Vilikuwa vyake.

Hakushangaa kama inavyopasa kushangaa, na hilo ndilo lililomuumiza. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na karatasi hiyo mahali fulani kichwani, akitumaini mchwa wa masijala wameimaliza. Lakini mchwa hula kila faili isipokuwa ile unayoiombea iliwe. Alikumbuka rasimu ya mkono ya bwana wilaya: "wananchi wameelezwa wamekubali kwa kauli moja." Alikumbuka alivyosita. Kisha akaweka mkato katikati, akaona sentensi imekaa vizuri, akatoa nakala tatu. Hakuuliza. Hakupanda kilimani kuuliza. Karatasi ya Serikali ilikuwa imesema ndugu zake wamekubali, naye nani wa kubishana na karatasi, hasa aliyoichapa mwenyewe?

Wakili Mbio alipoambiwa, alilifunga jalada. Kisha akasema, "Mama, ungenyamaza pengine hakuna ambaye angejua."

"Mficha uchi hazai," alijibu Mama Mkato. "Na vifupisho viko pale. Yule wakili wa Serikali ana macho."

"Basi tutalitoa sisi kabla hajalitoa yeye. Lakini wanaweza kukuondoa."

Lililobaki lilikuwa kumwambia shangazi. Alimkuta chumbani ameketi sakafuni, kwa kuwa kitanda kilikuwa laini mno, anamenya chungwa. Mama Mkato akaketi naye chini, sketi ya ofisi na yote. Akaeleza. Shangazi aliendelea kumenya mpaka ganda likatoka lote bila kukatika.

"Uliisoma?"

"Niliisoma, shangazi."

"Ukaona uongo?"

"Nikaona panakosekana mkato. Nikauweka."

Shangazi akaliweka ganda sakafuni. Mama Mkato alisubiri kupigwa kelele. Alitamani apigwe kelele. Angejua la kufanya nazo. Badala yake bibi kizee aliligawa chungwa nusu kwa nusu, akampa nusu moja.

"Kesho," alisema, "usirekebishe kitu."

Kesho yake wakaingia. Ukumbi ulikuwa na zulia la kijani, vipaza sauti vyenye shingo ndefu, na vibanda vya vioo ambamo wakalimani wengine watatu wangechukua Kiswahili chake na kukipeleka kwenye lugha nyingine. Wakili wa Serikali, bwana mrefu mwenye miwani ya dhahabu, alisimama kabla kiti chake hakijapata joto.

"Waheshimiwa, napinga. Mkalimani huyu ni binti wa mdogo wake shahidi."

Rais wa mahakama, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza, akauliza kama kuna mwingine. Wakili Mbio akainuka.

"Wanaojua lugha zote mbili na kusoma ni wanne, mheshimiwa. Mmoja ni mdai namba mbili. Mwingine ni mume wa mdai namba tano. Wa tatu yuko gerezani kwa kosa la kuingia hifadhini na kurina asali kwenye mzinga wa babu yake."

"Na wa nne?"

"Wa nne ndiye huyu. Na kuna jambo jingine, tunalitaja wenyewe. Yeye ndiye aliyechapa kielelezo cha kumi na nne, akiwa mtumishi wa wilaya."

Miwani ya dhahabu ikamulika kwa furaha. "Waheshimiwa mnaona! Mtu ambaye amekuwa mtumishi wa Serikali kwa miaka yote hii..." Kisha akasita, maana alisikia mwenyewe sentensi yake inakoelekea.

Rais wa mahakama akainama kulia, akainama kushoto, wakanong'onezana. Aliporudi kwenye kipaza sauti, pembe ya mdomo wake ilikuwa imeinuka.

"Kwa hiyo Serikali inamshuku kwa damu, na wadai wana haki ya kumshuku kwa ajira. Miaka yangu yote hapa sijaona mkalimani aliyeshukiwa kwa usawa namna hii. Aapishwe. Kila neno litarekodiwa, na mwenye shaka atapewa nakala."

Mama Mkato akaapa kufasiri kila kitakachosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Shangazi akapanda kizimbani. Akamtazama mpwa wake, si majaji, na kwa lugha ya nyuki, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde, akafungua ushahidi wake.

Mama Mkato akafumba macho kidogo. Kiapo ni kiapo.

"Shahidi anasema mkalimani amekonda," akafasiri, "na anauliza kama yule mume wake wa saa humlisha."

Kicheko kilifika kwa zamu, kwa kadiri vibanda vya vioo vilivyomaliza kufasiri: upande wa kulia kwanza, kisha katikati, na jaji mmoja mzee wa mwisho kabisa, peke yake, wenzake walipokwisha kunyamaza.

"Mwambie shahidi ajibu maswali tu," alisema rais wa mahakama.

"Shahidi anasema hajajibu kitu. Yeye ndiye aliyeuliza."

Baada ya hapo kazi ikaanza kwa kweli. Wakili Mbio alimwongoza shangazi kupitia mahali alipozaliwa, vijito, mizinga, nani alirina wapi na kwa nini pale na si pengine. Ilichukua saa mbili, na Mama Mkato aligundua jambo la ajabu: maneno yalikuwa yakimjia kabla hajayatafuta. Majina ya miti aliyodhani yamekufa yalitoka mdomoni mwake yakiwa mazima. Mara moja tu alikwama, kwenye jina la ndege, akasema "ndege fulani mdogo mwenye kiburi," na majaji wakaandika hivyohivyo.

Zamu ya miwani ya dhahabu ikafika.

"Una hati ya kumiliki msitu huu?"

"Shahidi anauliza, kumiliki ni kufanya nini?"

"Ni kuwa na kitu kiasi cha kuweza kukiuza."

Shangazi akafikiri kwa haki. "Basi hapana. Mama yangu nilikuwa naye miaka arobaini, sikuwa na hati yake, na sikuweza kumuuza. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza ni mama wa nani."

Wakili akageuza ukurasa kwa nguvu kidogo. "Alama ya dole gumba namba saba ni yako?"

"Ni yangu. Wino ulikaa siku tatu."

"Kwa hiyo ulikubali kuhama."

"Niliweka kidole, nikapewa blanketi. Kila kidole blanketi moja. Yule bwana alisoma karatasi, akauliza, 'Mmesikia?' Tukasema tumesikia. Tungesemaje? Alikuwa anapiga kelele mpaka nyuki wakahama."

Hapo jaji mzee aliyecheka wa mwisho akainua kidole. Aliuliza kwa lugha yake, kibanda kikafasiri, na swali likamfikia Mama Mkato, si shangazi. Mahakama ilitaka kujua kutoka kwa mkalimani: katika lugha hii, kusikia na kukubali ni neno moja au mawili?

Mama Mkato akainuka. Alikuwa amezoea kukaa nyuma ya maneno ya watu. Sasa amesukumwa mbele ya maneno hayo.

"Ni mawili, waheshimiwa. Kusikia ni kazi ya masikio, na adabu inataka useme umesikia hata kama unapinga. Kukubali tunaita kulala na neno. Unaondoka nalo, unalala, unarudi. Kwa siku moja haliwezekani." Akatazama karatasi iliyokuwa kwenye skrini, chapa yake safi isiyo na kosa. "Muhtasari huu niliuchapa mimi. Pale juu niliandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kama ilivyokuwa kwenye rasimu. Mkutano ulianza saa nne asubuhi, ukaisha saa tano na robo. Hakuna aliyelala na chochote."

"Napinga!" Miwani ya dhahabu alikuwa wima. "Mkalimani anatoa ushahidi!"

"Mahakama ndiyo iliyomuuliza," alisema rais, akiandika. "Keti, tafadhali."

Shangazi, ambaye Kiswahili chake cha chumvi kilikuwa kikubwa kuliko alivyokiri, alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeona mgeni amekula akashiba.

Hukumu ilichukua miezi kumi na minne. Mama Mkato alikuwa amekwisha kustaafu, ametundika ua la plastiki alilopewa na mahakama ya wilaya kwenye ukuta wa sebule, siku Wakili Mbio alipopiga simu akilia na kucheka kwa pamoja, kwa kasi isiyofahamika. Ilibidi fundi saa achukue simu na kusema, "Mwanangu, vuta pumzi, kisha anza na neno 'tumeshinda' kama ndilo." Ndilo lililokuwa. Serikali ilivunja haki za watu wale kwa kuwahamisha bila ridhaa. Mipaka ya ardhi yao ipimwe wao wenyewe wakiwapo. Wakati upimaji ukiendelea, waruhusiwe kuingia kurina, na aliyefungwa kwa ajili ya mzinga wa babu yake aachiliwe.

Hukumu nzima ilikuwa na kurasa mia moja na kumi na mbili. Mama Mkato aliisoma yote na kalamu nyekundu. Katika nakala ya Kiswahili alikuta mikato kumi na moja imesahauliwa, akaandikia mahakama barua. Wakamjibu kwa shukrani na kusahihisha tisa. Kuhusu miwili iliyobaki, bado wanaandikiana.

Isidhaniwe kwamba hukumu ilifika leo na msitu ukafunguka kesho. Ofisi moja ilisema inangoja nyingine, ile nyingine ikasema faili iko njiani, na njia hiyo ilikuwa ndefu kuliko barabara zote za nchi. Mwaka mzima ukapita. Baba mmoja miongoni mwa wadai alikufa bila kurudi, wakamzika kando ya barabara kuu, na siku ile shangazi hakufanya mzaha na mtu. Lakini hatimaye mrina asali yule akatoka gerezani, wapima ardhi wakaja na vyombo vyao vya miguu mitatu, na bwana misitu mpya, kijana mwenye adabu, akalifungua geti la chuma kwa ufunguo uliokataa mara mbili.

Mama Mkato alipanda pamoja nao. Viatu vya mjini vilimponyoka kwenye mwinuko wa kwanza, akaendelea na soksi. Alidhani angelia akifika mahali alipozaliwa, lakini hakupewa nafasi. Shangazi alikuwa na kazi naye. Kamati ya mipaka ilitaka majina ya kila kijito na kila mwamba yaandikwe kwenye ramani, na yeye peke yake ndiye aliyeweza kuyaandika. Basi akatembea na daftari, soksi zimelowa, fundi saa nyuma yake akibeba chakula na kulalamika kwamba huko juu saa zote zinakwenda polepole. Shangazi alitaja, Mama Mkato akaandika, shangazi akamwamuru asome, kisha akasema, "Hapana, hujaliimba vizuri," ikabidi aandike tena.

Mpaka sasa amefikisha majina sitini na moja. Ofisi ya ramani iliandika kuuliza juu ya moja tu, kijito kidogo cha upande wa mashariki, kama kweli kinaitwa Shemeji Alikimbia Bila Suruali, na kama hakuna jina linalofaa zaidi kuchapishwa na Serikali. Mama Mkato alijibu kwa mstari mmoja kwamba jina ndilo hilo, na halihitaji mkato. Mpima ardhi alipokwenda kukipima, akafanya kosa la kumuuliza shangazi ni shemeji yupi. Shangazi akakaa juu ya jiwe, akavua viatu, akaanza kumweleza tangu uchumba ulivyoletwa. Na adhuhuri iliwakuta palepale, mpima ardhi amejishika mbavu, kamba ya kupimia ikielea majini.